Ramani ya nyota kwenye jalada la kaye: namna ya kuisoma ukiwa Fungurume



Munaijua ile kaye. Jalada gumu, rangi ya bluu ya usiku, duara kubwa katikati, na ndani ya duara kuna dubu, simba, nyoka, mwanaume mwenye rungu, halafu nyota za rangi ya dhahabu zimetawanyika juu yao. Ndani ni karatasi za mistari, basi. Inauzishwa Kolwezi na Lubumbashi, na siku hizi inafika mpaka hapa Fungurume. Bei yake inatosha kununua kaye nyingi za shule, njo maana watu wanaitoa kama zawadi ya kumaliza masomo. Wengi waliopewa wameiweka juu ya kabati, wanaogopa kuichafua.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwenye kikundi: "Ile michoro ni ya uchawi ao ni ya nini? Mama amekataa niingie nayo ndani ya nyumba." Watu walicheka, lakini swali lake ni la kweli na halikupata jibu. Nitajaribu kujibu hapa, na nitafika mpaka shambani, juu mimi ni mtu wa agronomi na ile kaye iko na kazi shambani kuliko kabatini.

Ile si uchawi. Ni ramani. Vile ramani ya Lualaba inaonyesha Kolwezi iko wapi na Lubudi iko wapi, hii inaonyesha kila nyota iko wapi. Wanyama na watu waliochorwa ni njia ya kukumbuka tu. Nyota ni nyingi mno, kwa hiyo wazee wa Ugiriki, na mbele yao wa Babeli, walizipanga kwa makundi na kila kundi wakalipa sura. Mwaka 1627 bwana mmoja wa Augsburg, Julius Schiller, alichapa ramani ambamo aliondoa sura zote za kipagani. Yale makundi kumi na mawili ya njia ya jua akayafanya mitume kumi na wawili, na dubu mkubwa akawa mashua ya Petro. Watu hawakuifuata sana, lakini unaweza kumwambia mama kwamba nyota zinabaki pale pale, ukiziita dubu ao ukiziita mashua.

Michoro inayorudiliwa zaidi kwenye makaye ya namna hii ni ya kitabu Harmonia Macrocosmica cha Andreas Cellarius, mkuu wa shule katika mji wa Hoorn, Uholanzi. Kilitoka Amsterdam mwaka 1660, na ndani yake muna michoro mikubwa 29. Mingine inatoka kwa Johannes Bayer, Uranometria, Augsburg, mwaka 1603, ao kwa Johann Bode, Uranographia, Berlin, mwaka 1801.

Na hapa kuna jambo linalotugusa sisi watu wa Lualaba: ramani hizi zote zilichongwa kwenye shaba.

Kazi ilikuwa hivi. Fundi alichukua sahani ya shaba, nyembamba, iliyopondwa na kusuguliwa mpaka inang'aa kama kioo. Alishika patasi ndogo ya chuma yenye ncha kali, mpini wake ukikaa katikati ya kiganja, akaisukuma mbele polepole. Kila mstari ulitoa uzi mwembamba wa shaba na kuacha mfereji. Mstari wa kupinda hakuupinda kwa mkono. Aliizungusha sahani yenyewe juu ya kamfuko kadogo ka ngozi, mkono ukibaki pale pale. Na kila kitu alichonga kinyume, hata herufi, juu karatasi itageuza. Kisha kumaliza alipaka wino sahani nzima, akapangusa juu, wino ukabaki ndani ya mifereji tu. Akaweka karatasi yenye unyevu, akapitisha vyote kati ya magogo mawili ya kukandamiza, na karatasi ikanyonya wino. Rangi zilikuja mwisho, kwa mkono, kwa brashi, nakala moja moja. Ndiyo sababu nakala mbili za zamani za kitabu kile kile zinaweza kuwa na simba wa rangi mbili.

Kwa nini shaba? Mbao haibebi mistari myembamba kama nywele, inakatika. Chuma kinamchosha fundi. Shaba iko katikati: laini ya kutosha kwa mkono, ngumu ya kutosha kutoa mamia ya nakala mbele ya mifereji kuanza kulika. Fungua kaye yako uangalie nywele za simba kwa karibu. Ile mistari myembamba ni alama ya shaba.

Sisemi ilikuwa shaba yetu. Katika miaka ile sehemu kubwa ya shaba ya Ulaya ilichimbwa Falun, Uswidi. Ya kwetu ilikuwa na njia yake. Wazee waliyeyusha mawe ya kijani na kumimina shaba kwenye udongo uliochimbwa kwa sura ya msalaba, na misalaba ile ikatumika kama feza na kama mali ya ndoa. Imepatikana ndani ya makaburi ya zamani kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Mwaka 1926 Monseigneur de Hemptinne aliandika juu ya wafua shaba wa Katanga na kuwaita "wala shaba". Na kati ya mwaka 1971 na 1997 jimbo lote liliitwa Shaba. Kwa hiyo mtu wa hapa akiona jalada lile, asijione mgeni kabisa. (Kaye ya leo yenyewe haina shaba hata kidogo. Inachapwa kwa sahani za aluminiamu, na ile "dhahabu" ya nyota kwa kawaida ni ngozi nyembamba ya aluminiamu iliyotiwa rangi.)

Sasa tuingie mbinguni.

Wale waliochora walikaa kaskazini. Kama duara la kaye yako liko na dubu mdogo katikati, ile ni mbingu ya kaskazini, na kati yake huwezi kuiona ukiwa hapa. Fungurume iko kama digrii 10 na nusu kusini mwa ikweta. Nyota ya ncha ya kaskazini, ile ambayo mabaharia wa Ulaya waliitegemea, kwetu iko chini ya ardhi mwaka mzima. Kwa hiyo kaye inakupa kama kitovu cha dunia kitu ambacho hautakiona hata upande juu ya kilima cha Fungurume.

Upande wa kusini walichelewa kuujua. Ptolemayo wa Aleksandria alikuwa na makundi 48 tu, na kusini aliacha fasi tupu kwa sababu hakuweza kuiona. Mwaka 1595 meli za Waholanzi ziliondoka kwenda kutafuta viungo Asia, zikapumzika muda mrefu Madagaska, na ndani yake mulikuwa wanaume wawili, Pieter Keyser na Frederick de Houtman, walioandika mahali pa nyota za kusini. Keyser alikufa njiani mwaka 1596. Kazi yao ikatoa makundi mapya 12, na Bayer aliyaweka yote kwenye ukurasa mmoja mwaka 1603: kinyonga, tausi, korongo, samaki anayeruka, nyoka wa maji na wenzake. Ukiona kinyonga kwenye jalada lako, unaangalia mbingu iliyoandikwa toka upande wetu.

Halafu akaja padri Mfaransa, Nicolas-Louis de Lacaille. Alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751, akakaa mpaka 1753, na kwa darubini ndogo sana akapima karibu nyota 10 000. Alipoona bado kuna fasi tupu aliongeza makundi 14. Hakuweka miungu wala wanyama. Aliweka vyombo vya kazi: saa ya ukutani, darubini ya vitu vidogo, pampu ya hewa, na mlima mmoja wa Afrika, ule Mlima wa Meza wa Cape Town. Lakini viwili njo vinanifurahisha. Kimoja ni tanuru. Kingine ni patasi ya mchonga shaba, chombo kile kile kilichochonga ramani. Kwa hiyo juu ya vichwa vyetu, sisi wa ukanda wa shaba, kuna tanuru na kuna patasi, na hakuna anayetuambia. Nyota zake ni hafifu, lakini katika mwezi wa 8, kiangazi, saa kumi ya usiku, fasi isiyo na taa, zote mbili ziko juu: tanuru karibu na utosi kidogo kusini, patasi imefuata upande wa mashariki. Taa za mitambo zinasumbua. Nenda upande wa vijiji.

Hiyo inakupa pia njia ya kujua umri wa ramani yako. Kama hakuna tanuru wala patasi na kusini kuko na nafasi kubwa, imetoka kwa watu wa mbele ya Lacaille, pengine Cellarius. Kama ziko, ni ya baadaye, pengine Bode.

Kuna mtego mmoja. Ramani nyingi za zamani hazionyeshi mbingu vile unaiona ukisimama chini. Zinaionyesha kama unaishika mpira mkononi, unaiangalia toka inje. Ni sawa na chungu: alama zilizochongwa ukiziangalia toka ndani, kushoto na kulia vinabadilishana. Kwa hiyo jaribu hivi. Mwezi wa 1, siku mawingu yameachana, saa tatu ya usiku, simama uangalie kaskazini na inua kichwa karibu juu kabisa. Utaona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja: ni mkanda wa Orioni, yule mwanaume mwenye rungu. Wachoraji wa Ulaya walimwona amesimama, lakini kwetu kichwa kinaangalia chini, kaskazini. Nyota ya mguu wake, Rigel, inapita karibu juu ya utosi wa Fungurume, digrii mbili na kitu tu pembeni. Sasa geuza kaye kichwa chini, Orioni awe vile unamwona. Tafuta kile kifungu kidogo cha nyota zilizobanana, mgongoni mwa ng'ombe dume. Mbinguni kiko chini kushoto kwa Orioni. Kama kwenye kaye kiko pia kushoto, ramani yako inasomeka moja kwa moja. Kama kiko kulia, ni ya mpira, na itabidi uisome kwa kioo.

Kile kifungu kinaitwa Kilimia. Hapa vijana wengi wanakijua jina tu, toka Biblia, kitabu cha Ayubu sura ya 38, na hawajui ni kitu gani. Lakini sikilizeni neno lenyewe: Kilimia, kulima. Waswahili wa pwani walikiita hivyo juu kilikuwa kalenda ya shamba. Wazulu na Waxhosa wanakiita isiLimela, mzizi ule ule, na kwao kikitokea alfajiri ya mwezi wa 6 ilikuwa alama ya kutayarisha majembe. Lugha zetu za kibantu zilikuwa na elimu ya nyota mbele ya Cellarius kuchonga kitu, na elimu yenyewe ilikuwa ya agronomi. Sijui kwa nini miaka yote ya lisansi hatukuambiwa neno hata moja juu yake.

Kwa Fungurume kalenda yake iko hivi. Mwezi wa 5 Kilimia hakionekani, kiko pamoja na jua. Mwezi wa 6 kinarudi alfajiri, mashariki-kaskazini. Halafu kinatoka mapema zaidi kila siku, kama dakika nne, mpaka karibu tarehe 20 ya mwezi wa 11 kinapotoka wakati ule jua linazama. Ukiona Kilimia kinapanda mashariki-kaskazini wakati giza linaingia, uko kwenye wiki za kupanda mahindi katika Katanga ya kusini. Ramani ya mwaka 1660 bado inafaa kwa hiyo kazi. Mbingu inasogea, lakini polepole, digrii moja kwa karibu miaka 72. Toka Cellarius mpaka leo ni kama siku tano za tofauti.

Siku tano si kitu. Hatari iko pengine.

Nyota inakuambia tarehe. Haikuambii mvua. Wazee walifunga vitu hivyo viwili pamoja kwa sababu mara nyingi vilikuja pamoja, na kwa miaka mingi ilitosha. Lakini kila mukulima wa hapa anajua mvua ya mwezi wa 10, ile inayonyesha siku mbili kwa nguvu, udongo unanukia, watu wote wanakimbia na mbegu, halafu jua linarudi wiki mbili. Mbegu imeota, mizizi bado iko juu juu, na inakauka. Hesabuni wenyewe. Hektari moja ya mahindi, mistari ya sentimita 75 na mashimo ya sentimita 25, mbegu moja kila shimo, ni mimea kama 53 000, yaani kilo 20 mpaka 25 za mbegu. Kama ni mbegu chotara ya kununua, mama huyo hana nyingine nyumbani ya kurudilia, na ile aliyovuna mwaka uliopita haitamzalia sawa. Atapanda mara ya pili akichelewa, kwa mbegu ya soko. Njaa ya mwezi wa 2 inaanzia pale, kwenye siku moja iliyochaguliwa vibaya.

Kanuni moja inayotumika sana Afrika inasema hivi: mwanzo wa kweli wa mvua ni siku unapopata milimita 20 ao zaidi kwa siku tatu zinazofuatana, na katika siku 30 zinazokuja kusiwe na wiki kavu. Sehemu ya kwanza unaweza kuipima. Ya pili hauwezi, juu ni siku ambazo hazijafika. Sasa utajuaje? Kwa kuangalia nyuma. Mtu aliyeandika mvua ya shamba lake miaka kumi anaweza kuhesabu: mvua kubwa ya mwisho wa mwezi wa 10 ilitudanganya mara ngapi? Ile ya kisha tarehe 15 ya mwezi wa 11, mara ngapi? Mtu ambaye hakuandika anabishana na jirani tu.

Vituo vya kupima mvua viko vichache na mbali, na mvua yetu haina adabu: inanyesha upande mmoja wa barabara, ule mwingine vumbi. Katanga ya kusini inapata karibu milimita 1200 kwa mwaka, lakini hiyo ni hesabu ya eneo kubwa. Shamba lako iko na hesabu yake.

Njo hapa karatasi zile zenye mistari zinapata kazi. Mstari mmoja, siku moja. Kaye nyingi za namna hii hazina mistari 31 kwa ukurasa, kwa hiyo tumia kurasa mbili zinazoangaliana kwa mwezi mmoja: kushoto tarehe 1 mpaka 16, kulia zinazobaki. Chora nguzo nne kwa rula: tarehe, milimita, kazi iliyofanyika, na kitu ulichoona. Siku bila mvua andika 0, usiache wazi. Mwaka kesho hautajua kama hakukunyesha ao ulisahau.

Kipimo hakihitaji feza. Mkebe wa maziwa ya unga uliosimama wima, mdomo sawa na chini, unatosha. Uweke juu ya mti wa mita moja na nusu, mbali na paa na miembe, uufunge usipinduke. Saa moja ya asubuhi, kila siku, tumbukiza rula ya plastiki inayoanzia sifuri kwenye ncha, soma, andika, mwanga maji. Milimita moja ndani ya mkebe ni litre moja kwenye kila mita mraba ya shamba, upana wa mkebe haubadilishi kitu. Ukichelewa kusoma jua linakula, kwa hiyo saa ile ile.

Kwenye nguzo ya mwisho andika na Kilimia: siku ya kwanza ulikiona jioni mashariki. Itakupa tarehe ambayo haibadiliki, na pembeni yake milimita ambazo zinabadilika kila mwaka. Kisha miaka mitano utaona umbali kati ya vile viwili kwenye shamba lako mwenyewe, na siku ile ndipo utazungumza na ba tata wa kijiji juu ya tarehe ya kupanda na watakusikiliza, juu umekuja na nyota yao na hesabu yako pamoja.

Andika kwa biki ya kawaida ao kalamu ya risasi. Ile biki ya wino wa maji inayouzishwa pamoja na kaye ni nzuri kwa barua, lakini tone moja la mvua na mwezi mzima wa 12 umekuwa ziwa la bluu. Jalada gumu linavumilia vizuri. Ukilifunga ndani ya mfuko wa plastiki linaweza kulala shambani.